Gari Lililomnyima Mama Ugali

Mimi sili mahali penye harufu ya petroli. Wenzangu wa kazini hapa Kericho wameshaniona mara nyingi nikiinuka na sahani yangu kwenye kibanda cha chakula kwa sababu tu fundi wa jirani ameanza kuosha kabureta, na wananicheka. Ati nina maringo. Waache waseme. Juma lililopita fundi huyo alikuwa na pijo la zamani, lile refu la steshenwagoni, boneti iko wazi, naye anasugua vyuma ndani ya karai la petroli. Mimi nilikuwa nimeshakata tonge. Nikaliangalia lile tonge mkononi, nikaliangalia lile gari, nikarudisha tonge kwenye sahani. Mchana ule sikula tena.

Kwetu ni Kimulot, kule juu karibu na msitu, ambako baridi haiulizi ni mwezi gani na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba majani chai. Mama alichuma majani yetu wenyewe, akakamua ng'ombe wetu wenyewe, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai hata siku ya Jumapili. Wazazi wangu hawakuwa watu wa ajabu, isipokuwa kwa jambo moja. Walikuwa na wazimu mmoja wa pamoja, na wazimu wenyewe walikuwa wameuegesha chini ya paa la mabati nyuma ya zizi.

Siku ya harusi yao waliazima pijo la mwalimu mmoja wa Silibwet. Lilimchukua Mama kutoka kwao Ndanai, na maua ya karatasi yamefungwa kwenye bampa, likampeleka kanisani. Miaka ikapita, mwalimu akastaafu, na siku moja wazazi wangu wakipita huko wakaliona limetupwa nyuma ya nyumba yake, nyasi zimepenya sakafuni na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mama alisimama hapo akakataa kuondoka.

"Baba Chero, si hii ndio ile yetu?"

"Ndio yenyewe."

"Na unaiacha hapa?"

Basi hawakuiacha. Walimpa mwalimu mtamba, akawapa gari, na likavutwa kwa trekta hadi nyumbani kwetu, matairi hayana upepo. Kogo, yaani nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo hapo kwetu, hakuwasamehe kamwe.

"Mtamba mzima!" alisema kila alipopita na ndoo yake. "Mtamba angenipa maziwa. Hii inanipa nini? Hata kuku wameikataa."

Baba aliliita gari hilo Bibi Arusi. Mama akamwambia boma moja haliwezi kuwa na bibi arusi wawili, kwa hivyo achague. Baba akasema amechagua wote. Walitaniana hivyo siku nzima ya Jumamosi, mmoja amelala chini ya gari, mwingine amezama ndani ya boneti, na mimi nimekaa kwenye kiti cha nyuma nikifanya kazi ya shule au nikijifanya. Baba ndiye aliyejua injini inavyotaka kuwa. Lakini mikono ilikuwa ya Mama. Vidole vilivyozoea kubagua majani mawili na chipukizi bila kuangalia viliweza pia kupapasa plagi na kusema nafasi yake imezidi. Wakati wa kusaga valvu alikuwa akikalia debe, anazungusha kile kijiti cha kuisagia katikati ya viganja huku anaimba nyimbo za kanisani, na Baba anangoja kwa heshima kabisa. Akimaliza anashika valvu, anaipitishia ukucha, anamkabidhi. Sikuwahi kumsikia Baba akirudia kukagua kazi yake.

Niseme ukweli, nilikuwa na wivu na lile gari. Sikuona mahali pangu pale.

Kisha ugonjwa ukamwanzia Mama kooni. Nawaambia nyinyi mapema kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Kule kwetu ugonjwa huo wa koo unajulikana, umepita katika maboma mengi, na watu wazima wakiutaja hushusha sauti. Mimi niliona tu kwamba Mama ameacha ugali. Baadaye akaacha viazi. Baadaye uji ukawa unaongezwa maji hadi ukapita bila kutafunwa, na mwisho ikawa ni maziwa tu, tena anayanywa pole pole, ameelekea ukutani.

Lazima nieleze jambo hapa. Kanisani kwetu akina mama walikuwa na desturi ya kufunga. Haikuwa ya kutangaziwa watu. Mama mwenye jambo lake aliacha chakula, akabaki na maji au maziwa kidogo, akaliombea jambo lile mpaka lijibiwe. Likijibiwa, anakula, na siku hiyo nyumba nzima inakula vizuri. Nilikuwa nimemwona Mama akifunga mvua ya mawe ilipotandika chai yetu ikabaki vijiti vitupu. Nilimwona akifunga Kogo alipougua jicho. Chai ilichipuka, jicho likapona, na mara zote tulichinja kuku. Kwa hivyo mimi nilikuwa mtaalamu wa mambo hayo. Mama anaacha kula, Mungu anajibu, Mama anakula.

"Mama, mbona huli?" nilimwuliza Jumamosi moja.

"Nimefunga, Chero."

"Unaombea nini?"

Alikuwa ameinama juu ya injini, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko. Alimtazama Baba upande wa pili wa boneti. Baba akaanza kutafuta spana, na spana ilikuwa mkononi mwake.

"Naombea hii gari iwake," Mama akasema, akacheka.

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Kila siku alikuwa kwenye gari hilo, hata siku ambazo hakuweza kwenda shambani. Alikuwa ameanza kuvaa sweta ya Baba juu ya yake mwenyewe, na sweta ilimmeza, lakini asubuhi utamkuta ameshakaa kwenye debe lake na kitambaa na mkebe wa petroli, anaosha vyuma. Nikadhani anaharakisha ili ale. Tangu siku ile nikaacha wivu. Nililitaka gari lile liwake kuliko wao wawili.

Nikafikiri pia kwamba Mama anahitaji msaidizi katika maombi, nikafunga mimi. Chakula cha shuleni nikampa rafiki yangu, na jioni nikasema tumbo linauma. Haikuchukua muda Baba akajua. Aliniketisha jikoni kwa Kogo, akakata tonge, akaliweka mkononi mwangu.

"Kula."

"Nimefunga na Mama."

"Watoto hawafungi. Ukikosa kula wewe, maombi ya mama yako yanaharibika. Unataka yaharibike?"

Sikutaka. Nikala, naye akakaa pale akiniangalia kila tonge mpaka sahani ikaisha. Sauti yake ilikuwa kali sana, nami nikadhani amenikasirikia.

Gari liliwaka Jumamosi asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umekalia chai, na Mama alikuwa amesimama mbele ameegemea taa ya upande mmoja, maana kusimama bila kuegemea kulikuwa kumeanza kumshinda. Baba alikuwa kwenye usukani. Stata ikaguna, ikaguna tena, kisha injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi na ikashika. Ikashika kabisa! Kuku walitawanyika, ng'ombe akavuta kamba. Mama hakupiga kelele. Aliinama akalaza shavu lake juu ya boneti inayotetemeka, mikono ameitandaza, akakaa hivyo. Baba akatoka ndani mlango ukabaki wazi, akaja akamshika mabega, na wote wawili walikuwa wanacheka na kulia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia.

Mimi sikungoja. Nilikimbia jikoni.

"Kogo! Imewaka! Songa ugali, Mama anakula leo!"

Kogo alinigeukia, mwiko mkononi.

"Nani amekwambia anakula?"

"Si alikuwa anaombea gari? Imewaka! Unaisikia?"

Akageuka akabandika maji. Alisonga ugali mdogo sana katika sufuria ndogo kuliko zote, akaupigapiga na mwiko hadi ukawa laini, akaniwekea pamoja na kikombe cha mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu.

Nilipofika, injini ilikuwa bado inaunguruma na wao walikuwa wamekaa ndani, Mama upande wa abiria, kama siku yao ile. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa kila mahali. Nilimsikia Mama akisema, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki ndogo, "Twende Ndanai. Hata leo. Nataka kufika nyumbani na hii gari." Nikasimama dirishani na sahani.

"Mama, imewaka. Kula sasa."

Mama aliitazama sahani, akanitazama mimi. Nilikuwa natabasamu, nakumbuka, mashavu yaliniuma kwa kutabasamu. Akanyoosha mkono, akakata tonge, dogo, la mtoto mchanga. Akalichovya kwenye maziwa. Akaliinua hadi mdomoni, na mimi nikawa natazama mdomo wake tu, nangoja ulifunike.

Baba akanyoosha mkono akazima injini.

"Bado," alisema. "Hiyo si kuwaka. Hamkusikia vile inakohoa? Kuna kitu hakijakaa sawa."

Mama alirudisha tonge kwenye sahani polepole sana.

"Basi tungoje kidogo, Chero," alisema. "Siwezi kula na gari haijapona."

Nilirudi jikoni na ugali wote. Nilikuwa nimeuona uso wa Mama alipolirudisha lile tonge, jinsi ulivyolegea, na nikadhani ni huzuni.

Baada ya hapo gari halikuwaka tena. Kila nilipotoka shuleni nilienda moja kwa moja nyuma ya zizi, na kila siku nikamwomba Baba ajaribu. Anaingia, anageuza swichi, stata inaguna tu, inaguna mpaka inachoka. "Umeona? Bado." Na mimi naangalia Mama akizidi kupungua. Alikuwa bado anakaa kwenye debe lake lakini hakuosha chochote, alishika tu kitambaa. Maziwa yenyewe sasa anayatema mara nyingine kwenye kitambaa hicho. Kwa akili yangu ya kitoto, Mungu alikuwa ameshafanya kazi yake, na aliyebaki kutuangusha alikuwa fundi.

Nikamchukia Baba. Silizungushi hilo neno. Jioni moja tukila kwa Kogo, mimi na yeye na Kogo, nilisukuma sahani nikamwambia, "Wewe hujui gari. Unajua tu kuendesha lori. Mama atakufa njaa kwa sababu yako."

Kogo aliruka na mwiko. "Mtoto wa tabia gani huyu! Unaongea na babako hivyo?"

"Mwache aseme," Baba akasema.

"Aseme nini? Mwambie ukweli!"

"Mama, mwache," akamwambia Kogo. Kisha akanigeukia mimi. "Ni kweli, Chero. Hiyo gari imenishinda." Akaendelea kula, au kushika chakula.

Kuna kitu nilikiona wakati huo na sikukitafakari. Siku moja nilitoka shuleni nikakuta matairi ya gari yana tope jeusi. Udongo wetu ni mwekundu, kila mtu wa Kimulot anaujua kwa soksi zake. Tope lile lilikuwa jeusi, la kunata, na lilikuwa limeruka hadi kwenye milango. Mama siku hiyo alikuwa amelala, amefunga kitambaa kizuri kichwani, kile cha kwenda harusini, na alikuwa amelala usingizi mzito kama mtu aliyetoka safari. Nilimwuliza Baba tope limetoka wapi. Akasema ameosha jembe hapo karibu. Nikaondoka zangu. Udongo wa kule Ndanai ni mweusi, lakini nilikuwa sijawahi kuukanyaga hadi nilipokuwa mkubwa, na siku nilipoukanyaga ilibidi nikae chini kando ya barabara.

Halafu ikafika asubuhi ambayo hata maziwa yalikataa, hata maji. Nilikuwa nimevaa sare, niko na begi mgongoni, nikamwona Baba anatoka ndani amembeba Mama kwa blanketi kama mtoto. Kogo alikuwa mbele anafungua mlango wa lile pijo.

"Haiwaki hiyo!" nikapiga kelele. "Baba, haiwaki! Ita gari ya watu!"

Alimlaza Mama kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Kogo. Akaenda mbele akafungua boneti. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, lile koti la kazi alilolivaa kila siku, akatoa kitu kidogo cha rangi ya kahawia chenye ulimi wa shaba. Baadaye nilijua kinaitwa rota. Madereva wa zamani walikuwa wakiitoa na kwenda nayo wakilala mbali na gari, maana bila hiyo injini haiwaki hata mwizi afanye nini. Aliirudisha mahali pake kwa mkono ambao haukuhitaji hata kuangalia. Akafunga boneti, akaingia, akageuza swichi.

Likawaka mara moja. Halikukohoa.

Nilibaki nimesimama. Kupitia kioo cha nyuma Mama alikuwa ananiangalia. Alijua nimeona. Aliinua vidole vyake kidogo kutoka kwenye blanketi, akaviinamisha, namna alivyokuwa akifanya kuniambia nirudi ndani kuna baridi. Sikumwona tena akiwa hai.

Kogo ndiye aliyerudi peke yake kutoka hospitali siku iliyofuata, na ndiye aliyeniambia. Aliniketisha pale pale jikoni. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mama yako hakuwa anafunga. Iko ugonjwa kwa koo, chakula haipiti. Angekula ile ugali yako ingemwua mbele yako. Na hangekataa, kwa vile wewe ndio ulileta. Sasa babako angefanya nini?"

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Mama yako alikataa. Alisema wacha huyu mtoto angojee gari, kuliko angojee ile kitu ingine."

Baba alimrudisha nyumbani kwa lile lile gari. Watu wa kanisa walikuwa wamepata gari kubwa la kubeba jeneza, lakini akawaambia Mama Chero ana gari lake. Walilaza viti vya nyuma, jeneza likaingia sawasawa. Alikuja polepole kati ya mashamba ya chai, taa zimewashwa, na wachumaji waliweka vikapu chini wakasimama.

Baada ya mazishi mvua ilianza na watu wakajazana ndani. Kogo alinitafuta akanipa sahani.

"Mpelekee babako. Tangu hospitali hajaonja kitu. Mimi amenikataa."

Nilimkuta nyuma ya zizi, ndani ya gari, upande wa abiria. Mlango ulikuwa wazi na mvua ilikuwa inamlowesha mguu mmoja. Harufu ya petroli ilikuwepo bado, na grisi, na kile kitambaa cha Mama kilikuwa mahali pake juu ya dashibodi.

"Baba, kula."

"Nimefunga, Chero," alisema, bila kuniangalia.

"Unaombea nini?"

Alitikisa kichwa tu. Basi nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake. Ilikuwemo. Hata siku ile alipoegesha aliitoa, kwa mazoea. Nikaitoa, ina joto la mwili wake, nikaiweka juu ya dashibodi kando ya kitambaa cha Mama.

"Gari iliwaka, Baba," nikamwambia. "Iliwaka siku ile ile. Mimi niliisikia."

Aliitazama ile rota. Kisha akanitazama mimi kwa yale macho mekundu. Nikakata tonge, nikaliweka mkononi mwake.

"Kula."

Akala. Alikuwa analia na kutafuna pamoja, ugali umepoa, mvua inapiga mabati juu yetu. Nilisimama pale nikimwangalia kila tonge mpaka sahani ikaisha.